Barua ya wazi kwa wakufunzi wa sayansi: mleteni delta mwalimu aliyekwisha kutengeneza kitu

Ndugu Wakufunzi wa vyuo vya ualimu,



Nafundisha Sayansi katika shule ya msingi wilayani Kibiti, upande wa delta ya Rufiji. Tukipata bahati, vyuo hutuletea wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha. Nasema bahati kwa sababu wengi hupangwa shule za kando ya barabara ya Kilwa, Bungu, Jaribu au Kibiti mjini, ambako mkufunzi anashuka kwenye basi, anamwona mwanachuo wake akifundisha, anajaza fomu na kurudi siku hiyo hiyo. Ng'ambo ya maji ni habari nyingine. Wachache wanaofika kwetu ni vijana wazuri. Wana nidhamu, andalio la somo limejazwa kila safu: umahiri mahususi, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, zana, tathmini. Bango kitita lina mchoro wa mmeng'enyo wa chakula kwa rangi nne. Nami huwauliza swali moja: miaka yote chuoni, umetengeneza kitu gani kikafanya kazi? Hunyamaza kidogo, kisha hunionyesha bango.

Barua hii ni ya jambo hilo tu. Naomba mwanachuo asihesabiwe kuwa amefaulu Sayansi mpaka awe ametengeneza kwa mikono yake chombo kinachofanya kazi, kikamgomea, akajua kwa nini kimegoma, akakirekebisha, kisha akakaa na watoto nao wakatengeneza chao.

Msinijibu kwamba faraguzi zipo. Najua zipo. Kuna jicho la kadibodi, moyo wa udongo uliopakwa rangi nyekundu, sayari za karatasi zilizoning'inizwa kwa uzi. Mdhibiti ubora akija zinatolewa kabatini, akiondoka zinarudi. Shida ya jicho la kadibodi ni kwamba haliwezi kumkatalia aliyelitengeneza. Ukilipaka rangi vibaya bado ni jicho. Kipima mvua kinachovuja kinakukatalia, na mtumbwi wa bati unaoegemea upande mmoja nao hauoni haya kukuumbua. Katika kule kukataliwa ndipo mwanachuo anapoanza kufikiri, na bango kitita halimfikishi huko hata likiwa na rangi kumi.

Chuo nilichosoma mimi, ambacho sitakitaja maana hakikuwa kibaya kuliko vingine, kilikuwa na maabara iliyofungwa kwa kufuli vifaa visije vikavunjika. Tulisomeshwa betri ya limau. Tuliandika vifaa, tukaandika hatua, tukachora limau lenye kipande cha shaba upande huu na cha zinki upande ule. Lilipoulizwa swali kwenye mtihani tukafaulu darasa zima. Limau lenyewe hatukuliona, na sokoni malimau yalikuwa yamejaa tele.

Sitaki kuwabebesha ninyi mzigo wote. Mtoto wa darasa la saba katika nchi hii hufanya mtihani uitwao Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na sehemu kubwa ya hizo stadi za kazi huzionyesha kwa penseli: anachagua herufi, anasiliba kiduara, fomu inasomwa na mashine. Ushonaji, upishi, ufinyanzi, vyote vinaingia ndani ya kiduara. Mwalimu aliyepimwa hivyo alipokuwa mtoto, akapimwa hivyo tena chuoni, atafundisha vipi zaidi ya hapo?

Tangu 2005 tunaambiwa mtaala wetu unajenga umahiri. Mtaala mwingine ulianza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi ikapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, na sekondari ikapata mkondo wa amali wenye karakana. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, lililozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, linamtaka mwalimu wa msingi awe na stashahada. Yote haya nayaunga mkono. Lakini mtoto atakayeingia karakana ya amali akiwa kidato cha kwanza amekwisha kaa miaka sita na mwalimu wa msingi, na stashahada ya kunakili ni kunakili kule kule, tofauti ni kwamba kunachukua miaka mingi zaidi.

Nichukue mfano mmoja niumalize, kwa sababu barua zinazotaja mifano kumi nusunusu zinachosha.

Watu wa delta wanaishi kwa kubishana na chumvi. Mto Rufiji unapokaribia bahari unagawanyika matawi, Simba Uranga, Kiomboni, Msala na mengine, na ndani ya matawi hayo maji matamu yanashuka huku bahari ikipanda mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvu bahari hupanda juu zaidi. Kiangazi, mto ukiwa umepungua nguvu, hupanda juu zaidi ya hapo. Mkulima wa mpunga anajua kwamba maji ya chumvi yakiingia shambani wakati mbaya, mpunga unaungua kama uliomwagiwa maji ya moto. Mama anayechota maji anajua saa ya kwenda na saa ya kutokwenda. Wote hupima kwa ulimi, nao ulimi ni kipimo kizuri sana, isipokuwa hauna alama: huwezi kuandika daftarini ulimi wa leo ukaulinganisha na ulimi wa mwaka jana. Na sasa kuna sababu ya kulinganisha. Huko juu limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo mafuriko yalizoa mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mto wenye bwawa hauji tena kwa mwendo wake wa zamani. Je, chumvi inafika wapi siku hizi, mwezi gani, na maji yakiwa wapi? Kwa gati ya kijiji fulani swali hilo halina jibu katika kitabu chochote cha kiada, na darasa la tano linaweza kuanza kuandika jibu wiki hii.

Wanahitaji chombo. Mpeni mwanachuo mrija wa kunywea soda. Azibe ncha moja kwa nta ya mshumaa, atie mchanga mkavu kidogo, aupunguze na kuuongeza mpaka mrija usimame wima ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo na kujazwa maji ya mvua. Aweke alama ya kalamu pale uso wa maji unapoukata. Kisha apime gramu 35 za chumvi, mizani ya dukani inatosha, aziyeyushe katika lita 1 ya maji. Hiyo ni takriban chumvi ya bahari. Atumbukize mrija tena. Utapanda, lakini kidogo mno: maji ya bahari yameyazidi maji matamu uzito kwa asilimia 2 na nusu tu, kwa hiyo mrija uliokuwa umezama sentimita 15 hupanda milimita 4 hivi. Milimita 4, mbele ya watoto 80, ndani ya maji yanayotikisika. Nani ataziona?

Hapa ndipo ninapotaka mwanachuo afike, na hapa ndipo mkufunzi anapotakiwa kukaa kimya, jambo ambalo najua ni gumu kwa sisi walimu. Atajaribu kupunguza mchanga. Mrija utaelea juu zaidi, ila utaelea juu zaidi katika maji yote mawili na tofauti itabaki ndogo vile vile. Atajaribu mrija mrefu, na mrefu mara mbili utampa milimita 8, tena utapinda. Ataudhika. Baada ya muda, wakiwa watatu au wanne mezani, mmoja ataona kwamba kinachobeba uzito ni ule ujazo uliozama, na kinachoonyesha tofauti ni wembamba wa sehemu inayochomoza. Basi tumbo liwe kubwa, shingo iwe nyembamba. Atatafuta kichupa cha plastiki cha dawa, cha mililita 30, cha aina inayotupwa kila siku zahanati. Atatoboa kifuniko, atachomeka mrija, ataziba kwa nta, ataweka mchanga chini mpaka kichupa kizame chote na mrija ubaki nusu nje. Akikitia kwenye maji ya chumvi, mrija utapanda zaidi ya sentimita 2. Mtoto wa dawati la mwisho ataona.

Kijana huyo amekutana na Archimedes bila kusomewa. Na akipita kwa fundi betri pale Kibiti mjini, akaona kile kipimo cha kioo cha kupimia maji ya betri za magari, chenye tumbo nene na shingo nyembamba, ataelewa kwa nini kimeumbwa hivyo.

Kazi haijaisha. Lazima akigawe: atengeneze maji ya gramu 10 kwa lita, ya 20, ya 30, aweke alama kila mahali. Akichemsha maji ili chumvi iyeyuke haraka, kisha akapima kabla hayajapoa, alama zitakaa mahali pasipo pake, maana maji ya moto ni mepesi. Na lipo kosa moja ninalolipenda kuliko yote. Nta hupata ufa. Maji yanaingia kichupani tone kwa tone, chombo kinakuwa kizito, kinazama, na daftari linaandikwa kwamba mto umekuwa mtamu. Chombo kinachovuja kinadanganya siku zote upande mmoja, upande wa maji matamu. Dawa yake ni kukirudisha kwenye maji ya mvua kila kabla ya kupima, kuona kama bado kinasimama kwenye alama yake. Mwanachuo aliyedanganywa na ufa wa nta mara moja atakuwa mwalimu anayeuliza "tumejuaje?" kwa muda wote wa kazi yake. Sijaona muhadhara unaofanya hivyo.

Baada ya hapo waende mtoni, na hapa nina neno kali: asiingie mtoto majini. Rufiji ina mamba na viboko. Maji yachotwe kutoka kwenye gati au mtumbwini, kwa ndoo yenye kamba, na mtu mzima awe ameshika kamba. Kwa maji ya chini, funga jiwe kwenye chupa, izibe kwa kizibo chenye uzi, ishushe, vuta uzi. Watoto wataona kwamba siku nyingine maji ya juu ni matamu na ya chini ni ya chumvi, mahali pale pale, saa ile ile. Waandike tarehe, saa, maji yanajaa au yanakupwa, na mwezi mwandamo ni wa ngapi. Jambo la mwezi hamna haja ya kuwafundisha, watoto wa wavuvi wanajua bamvu na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Mkirudi, mtoto apitishe ulimi upande wa chini wa jani la mchu aone chumvi ambayo mti umeitoa nje. Kisha aulizwe: mchu umesimama wapi kwenye mto huu, na msikundazi umesimama wapi, na kipimo chetu kinasemaje pale na pale? Wazee wakialikwa watasimulia jinsi maji makubwa ya mto yalivyowahi kupita matawi ya kusini kabla ya kuhamia kaskazini. Hapo Sayansi, Hisabati na Jiografia vimekaa meza moja bila mtu kuandika kwenye andalio kwamba vimehusianishwa.

Nimekaa sana kwenye kichupa kimoja, na nimefanya makusudi. Mengine mtayaona wenyewe, kwa kuwa delta imejaa walimu wasio na namba ya ajira.

Mmoja yuko chini ya mwembe, anaunda mashua. Mwanachuo akikaa naye asubuhi moja ataona kwamba fundi hapigi msumari juu ya ubao mzima. Kwanza anatoboa kwa keekee, uta wake ukienda mbele na nyuma, tundu jembamba kuliko msumari wenyewe. Kisha anauzungushia msumari pamba iliyolowa mafuta, chini ya kichwa, ndipo anagongelea. Kwa nini tundu? Kwa nini jembamba? Kwa nini pamba, na kwa nini mafuta? Kwa nini mashua iliyokaa juani miezi huvuja sana siku inaporudi majini, halafu kuvuja kunapungua kwenyewe? Kila swali hapo lina jibu linalopimika kwa kipande cha ubao, beseni na rula. Fundi huyo aitwe chuoni au shuleni kama mtaalamu, alipwe posho kama mtaalamu, asiitwe kuja kusimulia hadithi za kale. Vivyo hivyo akina mama wasukao ukili: anayejua kuhesabu miyaa ya mkeka ili nakshi ikutane mwisho wa mshono ana Hisabati ambayo wengi wetu wenye vyeti tungeshindwa kuimaliza, na anayepika rangi za ukindu anajua mambo ya kemia ambayo hayajaingia kitabuni. Nalisema hili pia kwa sababu tukisema "vitendo" mawazo ya wengi huruka moja kwa moja kwenye nyundo na wavulana.

Msitu wenyewe hauguswi. Mikoko ya delta ni hifadhi, kukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na hakuna somo hata moja nililolitaja linalohitaji kukata hata ufito.

Hata historia ya hapa inaelea. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha ndani ya delta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye maji haya mafupi. Waliagiza meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zikizama chini ya mita 2 tu, na hizo ndizo zilizoingia na kuimaliza Julai 1915. Mwanachuo anayefundisha kuelea na kuzama Kibiti kwa kutumia mfano wa barafu ya Aktiki, kama kitabu kilivyomwelekeza, amepita juu ya meli nzima bila kuiona.

Sasa pingamizi zenu, maana nazijua, nami nimewahi kuzitoa kwenye vikao.

Fedha: mrija, mshumaa, chumvi ya mawe, kichupa kilichotupwa. Tusipoteze wino. Muda: kichupa kimoja kinagusa vipimo, ujazo, uzito, myeyuko, mazingira na uandishi wa taarifa, anayevipitia kimoja kimoja kwa ubao ndiye anayechelewa muhtasari. Wingi wa watoto: hili ni kweli, na sitawatania. Darasa la watoto 80 na zaidi si ajabu, na vikundi kumi na sita vyenye maji, mchanga na nta ya moto ni kelele na hatari. Nta ayeyushe mwalimu. Kazi ifanyike nje, kivulini. Vikundi vitoke kwa zamu, wengine wakiwa na kazi ya daftari. Lakini hayo hayaandikiki yakatosha. Ni mambo ya kuzoea, na mahali pa kuyazoea ni chuoni na wakati wa mazoezi, mkufunzi akiwa karibu, wala si mwaka wa kwanza wa ajira ukiwa peke yako kisiwani.

Pingamizi ambalo sijalisikia kwenu, na ambalo mimi ndilo ninaloliogopa zaidi, ni la historia. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na ndani yake kazi ya mikono ilikuwa sehemu ya kufikiri: wanafunzi wapange shamba lao, wajaribu, waone walipokosea. Kilichofika shule nyingi ni jembe. Shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba. Mikono ilishughulika kweli kweli, kichwa kikabaki darasani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tukiondoa bango na kuleta nyundo tumemaliza. Mwanachuo anaweza kuwapangia watoto wote watengeneze kichupa kwa hatua tisa alizoziandika ubaoni, vyote vikafanana, vyote vikaelea, na asiwepo aliyefikiri lolote.

Wapo waliojaribu vizuri zaidi, tena hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu Korogwe kilishikana na shule ya Kwamsisi, mkoani Tanga, kuona kama masomo yanaweza kutokana na kazi na shida za kijiji chenyewe, walimu na wakufunzi wakijifunza pamoja. Muongo uliotangulia, nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilikuwa na mpango wa sayansi ya shule za msingi ambao vijitabu vyake viliwaweka watoto mbele ya mchanga mbichi, mbu, na yule mdudu achimbaye kishimo mchangani kumtega sisimizi. Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa Jean Piaget, alitakiwa kuutathmini mpango huo nchini Kenya. Hakuandaa karatasi ya maswali. Alijaza chumba vitu vya kuchezea na kutengenezea, akawaingiza watoto, akawaambia wafanye wapendavyo, kisha akaangalia wanafanya mambo mangapi tofauti na wanayafikisha wapi. Waliopitia mpango waliwazidi wenzao, kwa wingi wa mawazo na kwa kina. Ninayemwona kama mwalimu wangu katika hili ni huyo mama na chumba chake, kwa sababu alipima kile kile kilichofundishwa.

Nanyi pimeni hivyo. Ombi langu kwenu, ambalo halihitaji waraka wa mtu yeyote, ni kwamba alama za kazi za darasani katika Sayansi zitolewe kwa chombo na daftari lake: michoro ya kilichoshindikana ikiwamo, na anayeleta chombo kizuri kisicho na daftari la makosa apate alama ndogo kuliko anayeleta kibaya chenye maelezo ya kweli. Fungueni kufuli la maabara. Vikivunjika viwili vitatu, andikeni vimevunjika kwa kutumika. Chuo cha Ualimu Vikindu kiko barabara hii hii ya Kilwa, wilaya jirani ya Mkuranga. Siku moja kwa basi na boti inamfikisha mwanachuo wake kwenye matawi ya mto. Wa Mtwara na Nachingwea wanatupita wakienda Dar es Salaam.

Wenzenu wa Taasisi ya Elimu Tanzania wafikishieni hili: miongozo ya masomo ya ualimu iache nafasi tupu, kwa makusudi, ya chombo ambacho chuo na shule jirani zitakichagua wenyewe kutokana na mazingira yao, maana kipima chumvi hakina kazi kila mahali, na kwingine wana maswali yao. Na Baraza la Mitihani, ambalo linajua kuendesha mitihani ya vitendo kidato cha nne kwa vifaa na maelekezo, haliwezi kushindwa kumwekea mwanachuo wa ualimu beseni, mrija na saa mbili.

Vyuo vyenyewe vikimpanga mwanachuo delta, mkufunzi naye aje. Asije kwa siku ya fomu. Akae juma zima, avuke, alale, apime maji mara mbili, aone mwanachuo wake akigomewa na chombo mbele ya watoto na jinsi anavyojinasua. Fomu ya tathmini ya sasa ina nafasi ya sauti, mwandiko ubaoni na mavazi. Iongezeeni nafasi ya swali hili: somo lilipokwenda kombo, alifanya nini?

Kama kuna chuo kitakachotaka kujaribu mwaka huu, njooni kiangazi, mto ukiwa umepungua, na mpange juma litakalogusa mwezi mpevu ili muone bamvu. Boti za kwenda visiwani zinafuata maji, hazifuati saa ya mtu, kwa hiyo ulizeni gatini jioni kabla ya kulala. Wanachuo waje na viatu vya tope, chandarua na madaftari yenye majalada ya plastiki. Vichupa tutaomba zahanati. Mishumaa mje nayo, huku inauzwa ghali.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Sayansi, Kibiti